Siku Niliyofanywa Uzio wa Makumbusho

Mimi si mtu wa kutoka. Mtaani kwetu hapa Shinyanga jambo hilo linajulikana kiasi kwamba watu wakitaka kumwelekeza mgeni humwambia akate kushoto pale penye fundi aliyekaa. Fundi aliyesimama hawamtaji, maana hajawahi kuonekana. Nilikalishwa kwenye baraza ya nyumbani na matokeo yangu ya kidato cha nne, nikapewa cherehani ya marehemu baba, na tangu hapo nguo nilizoshona zimesafiri kuliko mimi. Suruali zangu zimefika Kahama, zimefika Mwanza, na kuna mteja anayeapa kwamba moja ilifika Dodoma bungeni. Mimi mwenyewe nafika sokoni na kanisani. Siku nikijisikia mwenye nguvu, nafika stesheni kuangalia watu wanaojisumbua kupanda treni.

Kwa hiyo dada yangu aliponiambia niende kumtembelea kazini kwake, nilimuuliza nani amekufa.

"Hajafa mtu," alisema. "Kamati inakuja Alhamisi kuangalia bustani. Nataka mtu wangu mmoja awepo."

"Bustani ipo?"

"Ndiyo hiyo wanayokuja kuangalia kama ipo."

Kazini kwake ni makumbusho ya sanaa, nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya kwenda Mhunze. Jengo la zamani liliezuliwa paa na upepo wa mvua za kwanza, kuta zikalowa, na michoro ikahamishiwa kwenye ghala la pamba ikakaa huko mpaka watu wakaisahau. Sasa limejengwa upya kwa matofali ya kuchoma, na ndani kila kitu kimerudishwa mahali pake. Kilichobaki ni uwanja. Kwenye karatasi uwanja ule una bustani tano. Kwenye ardhi ulikuwa na dada yangu.

Alichukuliwa kwa majaribio, msimu mmoja, kuotesha nyasi na kutunza miche. Kabla ya hapo alikuwa mama lishe miaka mingi huko upande wa Geita, kwenye maduara, kama wachimbaji wadogo wanavyoyaita mashimo yao. Alipika wali na maharage kwa kuni asubuhi mpaka jioni, vumbi la mawe likitoka kulia na moshi ukitoka kushoto, mpaka kifua kikaanza kumlilia kama mlango mbovu. Mganga wa zahanati alimwambia achague kati ya moshi na kifua. Akachagua kifua, akarudi Shinyanga, akapata kazi hii ya bustani. Akiikosa hakuna nyingine, ila sufuria zake zile, ambazo mwenzake mmoja kule bado anamtunzia na kila mara anampigia simu kuuliza atarudi lini. Ndiyo maana Alhamisi ile haikuwa Alhamisi ya mchezo.

Na ndiyo maana sikuweza kukataa, kwa sababu lililompeleka mbele ya kamati nililianzisha mimi. Nililianzisha nikiwa nimekaa.

Ilikuwa hivi. Mwanzoni makumbusho waliweka uzio wa waya. Waya ulikaa wiki chache, kisha ukaanza kupungua. Leo unapungua upande huu, kesho upande ule, mpaka zikabaki nguzo peke yake, zimesimama kama watu waliosahau walichofuata. Ng'ombe wa majirani, ambao njia yao ya kwenda kunywa maji ilipita pale tangu kabla ya makumbusho, wakairudia njia yao. Nyasi zilizochipua asubuhi, jioni zilikuwa tumboni. Ofisi ikamwambia dada kwamba fedha za uzio mwingine hazipo, ila ng'ombe wasiingie. Zuia, wakamwambia. Hawakusema azuie kwa kitu gani.

Akaja kwangu kulalamika. Nilikuwa na suruali ya bwana harusi mkononi na kichwani nilikuwa na bwana harusi mwenyewe, aliyekuwa ameahidi kurudi saa tisa. Nikasema bila kuinua uso: "Si utangaze ngitili tu."

Kwa asiyekulia huku, ngitili ni malisho yanayofungwa. Mvua zikianza, mwenye eneo anasema mbele ya watu kwamba hapa pamefungwa, na kuanzia hapo hakuna ng'ombe anayeingia, hata kama hakuna uzio, hata kama mwenyewe amesafiri. Anayeingiza wake anajulikana, anaitwa, anatozwa, na kubwa zaidi anasemwa. Kwetu mtu anaweza kuiba waya akalala vizuri. Kuingiza ng'ombe kwenye ngitili ya mtu ni jambo jingine.

Dada akanywa maji yangu, akaondoka. Jumapili akasimama kwenye mkutano wa mtaa wa kule jirani na makumbusho, akasema uwanja umefungwa. Wakakubali. Tangu siku ile hakuingia hata mbuzi. Mimi nikapata sifa nyumbani kwa muda mfupi, nikajiona mtu wa mipango. Nilichosahau, na mtu wa kukaa husahau nusu ya mambo kwa sababu nusu nyingine inamtosha, ni kwamba ngitili hufungwa ili ifunguliwe. Kiangazi kikikaza, nyasi za kwingine zikiisha, mwenye ngitili anaita watu, ng'ombe wanaingia. Bila hilo hakuna sababu ya mtu kukuheshimia nyasi zako. Dada hakusahau. Siku ileile aliyofunga aliwaahidi kwamba atafungua.

Na Alhamisi ya kamati ilikuwa mwezi wa nane.

Mke wangu alinitazama nikifunga kamba za viatu kama anayemtazama mtu akienda Ulaya. Akauliza kama nimebeba maji. Akauliza kama ninakumbuka jina la mtaa wetu, iwapo nitapotea. Nikapanda bajaji, na dereva, ambaye nimemshonea mashati matatu, aligeuka nyuma mara mbili kuhakikisha ni mimi.

Getini pana ubao mkubwa wenye ramani ya rangi. Niliusoma wote, kwa sababu ulikuwa na kivuli. Kuna bwawa la mayungiyungi, bustani ya mitishamba, bustani ya watoto, uwanja wa sanamu, na bustani ya ukimya. Kisha unaingia, na kila mahali pa ramani pamesimikwa kijiti chenye kibao. HAPA PATAKUWA NA BWAWA. Chini yake udongo mweusi ulikuwa umepasuka nyufa za kumeza funguo za nyumba. HAPA PATAKUWA NA BUSTANI YA MITISHAMBA. Palikuwa na ndoo. Nilitembea kibao hadi kibao kwa heshima zote, mikono nyuma, kama mgeni rasmi, nikitazama mambo yatakayokuwa. Bustani ya ukimya ndiyo pekee iliyokuwa imekamilika.

Kwenye uwanja wa sanamu palikuwa na sanamu moja: ng'ombe mkubwa aliyeungwa kwa minyororo ya baiskeli, majembe yaliyolika na vipande vya bati. Amefanywa vizuri, hata ile namna ng'ombe anavyoangalia mtu bila kumjali imepatikana. Ndani ya jengo nilipita haraka. Ngoma, vyungu, picha za wachimbaji zilizochorwa kwa rangi za udongo, na kigoda cha mbao kama alichokuwa nacho mama. Miguu ilikuwa imeanza kuuma, na kiti pekee nilichokiona katika jengo lile kilikuwa kigoda kile, kimewekewa kamba na maandishi ya kukataza kukikalia.

Dada nilimkuta nyuma ya jengo, kwenye upande ambao ramani inauita nyasi za mapumziko. Hapo hapakuwa na kibao cha patakuwa. Pale palikuwa tayari na nyasi hasa, zimefika kiunoni, za manjano, zimekauka kwa usawa, upepo ukipita zinalala zote pamoja na kuinuka zote pamoja. Katikati yake pamefyekwa njia, na kandokando ya njia kuna miche arobaini ya mikrismasi aliyoileta mtaalamu kutoka Dar es Salaam, kila mche umefika magotini, mbichi kabisa. Dada aliimwagilia kwa ndoo msimu mzima.

"Umekuja kweli," alisema.

"Nimekuja. Naweza kukaa wapi?"

"Hukai. Kamati hiyo."

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Wa kwanza ni mkuu wa makumbusho, mama kijana mwenye daftari, mzaliwa wa Bukombe. Wa pili ni mtaalamu wa bustani, yule wa Dar, mwenye kofia pana. Wa tatu ni bwana mmoja wa suti ambaye sikumsikia akisema neno siku nzima. Alikubali kwa kichwa, na alikubali kila kitu.

Mkuu alimwamkia dada shikamoo kwanza, dada akaitikia marahaba, na ndipo mkuu akarudi kuwa mkuu. Mtaalamu alikuwa ameshaingia kwenye nyasi, zikamfikia kwenye mkanda.

"Mama, hizi mbona hazijakatwa?"

"Ngitili haikatwi," dada akasema.

"Hai... nini?"

Mkuu hakuuliza. Nilimwona akifumba macho kidogo, kama mtu aliyesikia bomba likipasuka chumba cha pili.

"Mama," akasema polepole, "uliifunga mbele ya watu?"

"Mkutanoni."

"Uliwaambia utaifungua?"

"Leo."

Tukageuka wote kwa pamoja, hata bwana wa suti. Kule mpakani, ambapo zamani palikuwa na waya na sasa pana nguzo tupu, walikuwa wamesimama watu kama kumi na ng'ombe wao. Sijui walifika saa ngapi. Ng'ombe walikuwa na njaa ya mwezi wa nane, unazihesabu mbavu kutoka mbali, na nyasi zilikuwa hatua tatu mbele yao. Hakuna aliyevuka. Kila ng'ombe alisimamishwa pale mstari wa waya ulipokuwa zamani, na wenyewe wameegemea fimbo wakizungumza. Mmoja wao alikuwa akimwonyesha mwenzake sanamu ya ng'ombe wa vyuma.

"Huyu ndiye aliyekula waya," alisema. "Muone tumbo."

Wakacheka kwa chini, kama watu walio ugenini.

Mwenyekiti wa mtaa wao akasogea hatua moja, akavua kofia. "Mwangaluka, mayu," akamwamkia dada, kwa namna tunavyomheshimu mama wa watu. "Tumekuja."

"Mwangaluka. Nimewaona. Ngojeni kidogo."

"Wangoje nini?" mtaalamu akauliza. "Mkuu, hapa nimechora nyasi fupi, za kukalia. Wageni wa ufunguzi wanakuja mwezi ujao. Halafu kuna miche yangu. Ilikuwa imezungushiwa miiba, nikasema wiki iliyopita miiba itolewe, palikuwa panaonekana kama boma. Sasa miche haina kinga."

"Wazo hili la ngitili lilikuwa la nani?" mkuu akauliza.

Dada alitazama miche. Angeweza kunitaja, asinitaje, yote mawili yalikuwa ndani ya uwezo wake. Nikajikuta nimenyoosha mkono. Shuleni sikunyoosha mkono sana, na mara chache niliponyoosha ilikuwa kuomba kutoka nje.

"Wewe ni nani, mzee?" mtaalamu akauliza. Neno mzee lilinichoma kidogo, nikaliacha lipite.

"Fundi cherehani."

"Wa makumbusho?"

"Wa nyumbani kwangu."

Bwana wa suti akakubali kwa kichwa.

Mkuu akamvuta dada pembeni, lakini pembeni ya uwanja mtupu si mbali, tulisikia yote. Akamwambia awaambie watu warudi, aseme ofisi imekataa. Ni rahisi, lawama ibaki kwa ofisi.

"Siwezi," dada akasema. "Naweza kuwaambia waingie, au naweza kuwaambia niliwadanganya. Hilo la ofisi siwezi kulisema, kwa sababu wao hawakuongea na ofisi. Waliongea na mimi."

"Mama, unajua leo tunaamua nini?"

"Najua."

"Kuna kampuni ya Mwanza imeomba kazi hii yote. Wana mashine, wana waya wao."

"Najua, bosi. Umeniambia mara tatu."

Mkuu alitazama mpakani tena. Nadhani alichokiona ni kile nilichokiona mimi, kwamba ng'ombe wenye njaa wamesimama kwenye mstari usiokuwepo. Alifungua daftari, akalifunga. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, ya kuagiza chai:

"Nyasi zitaondoka kwa vyovyote. Waingie. Lakini mama, ile miche iko kwenye orodha. Ukiguswa mche, mimi huko ndani sitakuwa na maneno ya kukutetea. Kampuni itaanza Jumatatu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," dada akasema, na akaanza kukunja mikono ya blauzi.

Hivyo ndivyo nilivyopewa fimbo.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Watu wanne wasimame kandokando ya miche, kila mmoja na kipande chake, ng'ombe waachwe wale pande zote ila wasiikaribie njia. Yeye alichukua kichwa cha njia. Mwenyekiti na jirani mwingine wakachukua katikati. Mimi nikapewa kona ya mwisho, yenye miche kumi, kwa sababu, alisema, huko hawafiki wengi.

"Nifanyeje?"

"Simama. Nyoosha mikono. Usiwakimbie."

"Kwa nini niwakimbie?"

"Nakujua," akasema.

Ngitili hufunguliwa kwa zamu. Wanaanza ndama na mama zao wanaonyonyesha, halafu maksai wa kulimia, mwisho ndio wengine, na kwa hiyo wa kwanza kuvuka mstari walikuwa ndama. Mtu asiyefuga hudhani ndama ni mwepesi kuliko ng'ombe. Ng'ombe mkubwa ana njaa na nyasi ziko mbele yake, anainamisha kichwa, mambo yamekwisha. Ndama hajui anachotaka. Anakuja kuangalia mtu, anakuja kunusa fimbo, anaruka bila sababu, anataka kujua ladha ya dunia yote.

Watatu walinijia. Mmoja mweupe, wawili wekundu. Niliwaambia warudi kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili, na mwisho kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, ambacho kiliwashangaza kiasi, wakasimama. Nilinyoosha mikono. Mweupe akaninusa mfuko wa shati, nikarudi nyuma hatua moja tu, ya adabu. Wekundu wakapita kulia, nikawafuata kulia na fimbo, wakatii, nikajisikia mfugaji, nikageuka nimwone dada kama ameniona.

Nilipogeuka tena, yule mweupe alikuwa anatafuna. Alikuwa anatafuna kitu cha kijani, na katika uwanja ule mwezi wa nane vitu vya kijani vilikuwa arobaini tu.

Mche wa tatu kutoka mwisho ulikuwa umekatwa juu, umebaki kijiti cha urefu wa kiganja na majani mawili. Nilimfukuza ndama, akaenda bila majuto. Kisha nikafanya jambo ambalo sijivunii: nikasogea nikasimama mbele ya kijiti kile, nikapanua miguu, nikajifanya nguzo.

Mtaalamu alikuwa anatembea njiani akihesabu kwa kidole. Alihesabu mpaka mwisho, akarudi kwangu akiwa na thelathini na tisa.

"Mzee, sogea kidogo."

"Nimewekwa hapa."

"Nataka kuhesabu nyuma yako."

"Ndama watapita."

Akaenda kushoto, nikaenda kushoto. Akarudi kulia, nikarudi kulia. Tulicheza hivyo, watu wazima wawili, mpaka mkuu akaja na bwana wa suti nyuma yake. Mkuu alinitazama miguu, akatazama suruali yangu, ambayo niliishona pana kwa starehe na siku hiyo ikawa na kazi nyingine. Nina hakika alielewa. Mtu mwenye akili haulizi kwa nini fundi cherehani amesimama kama kuku anayeatamia.

"Basi," akasema akifungua daftari, "naona wote wapo."

Ningesema kitu. Nilikuwa bado natafuta kitu cha kusema ambacho si uongo na si ukweli, jambo linalochukua muda, na sauti ya dada ikatoka kule kichwa cha njia, bila haraka, kama anayeomba chumvi.

"Mmoja umeliwa. Uko nyuma ya mdogo wangu."

Nikasogea.

Mtaalamu akapiga goti. Kofia yake ilifunika kila kitu, tukangoja. Alikishika kile kijiti, akakikwaruza gome kwa ukucha, akasema kama anayejiambia mwenyewe: "Umekatwa juu ya jicho la kuchipulia. Chini uko hai. Huu utachipua, pengine utatoa matawi mawili."

Mkuu akamngoja dada afike. Dada alikuja akitembea taratibu kwa sababu ya kifua, akapumua kwanza.

"Mama, mtaalamu anasema utachipua. Naweza kuandika miche iko salama. Si uongo."

"Umeliwa," dada akasema. "Uliniambia ukiguswa. Umeguswa. Andika mmoja."

"Unajua nikiandika mmoja inakuwaje?"

"Wale pale wamenisikia nikikubali," dada akasema, akionyesha kwa kidevu watu wa ng'ombe, ambao walikuwa wameacha kuzungumza. "Nikisema leo kwamba mmoja si kitu, mwakani wao nao wataniambia ng'ombe mmoja si kitu."

Nilitamani arudishe maneno yale mdomoni. Nilizifikiria sufuria zake kule kwenye maduara. Lakini mche ulikuwa wa kona yangu, na mdomo wangu siku ile ulikuwa umeshafanya kazi ya kutosha.

Mkuu akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko neno mmoja linavyohitaji. Kisha akamwonyesha bwana wa suti daftari, bwana wa suti akasoma, akafikiri, akakubali kwa kichwa.

"Mkataba wa mwaka tulioutayarisha siwezi kuupitisha na mche ulioliwa ndani yake," mkuu akasema. "Kampuni siwaiti. Nitaomba upewe miezi sita. Baada ya hapo tutakaa tena."

Dada alihesabu kimoyomoyo, niliona midomo yake. "Miezi sita inavuka mvua," akasema.

"Inavuka."

"Basi mvua zikianza nitafunga tena."

"Ukifunga," mkuu akasema, "kabla hujaenda mkutanoni, pita kwangu kwanza. Uniambie na siku ya kufungua. Niiweke kwenye kalenda, nisije nikaalika watu."

"Nitapita."

Mtaalamu bado alikuwa amepiga goti. Aliuliza, bila kuinuka, ile miiba aliyoagiza itolewe ilitupwa wapi. Dada akamwambia haikutupwa, iko nyuma ya stoo. Mtaalamu akaenda kuichukua mwenyewe, akarudi akiwa ameishika mbali na shati lake kwa ncha za vidole, akakizungushia kile kijiti. Aliizungusha vibaya. Dada akaitengeneza mtaalamu alipogeuka.

Miezi sita si mwaka. Nusu ile nyingine ililiwa na ndama mweupe kwenye kona yangu, wakati mimi natafuta kuonekana. Dada hajawahi kunitajia hilo, wala siku ile hakunitajia. Mwenyekiti ndiye aliyekuja, akanitazama juu mpaka chini, akauliza kwa upole kama huko kwetu tunafuga.

"Tunashona," nikasema.

"Inaonekana," akasema.

Ndama na mama zao walikuwa wametosheka upande wa jengo, wakaanza kurudishwa mpakani, na wenyewe wakimshukuru dada mmoja mmoja, wabeja, wabeja, kila mmoja akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza kama inavyopasa. Kamati iliingia ndani kunywa chai. Nilidhani nasi tumemaliza. Nilianza kukung'uta viatu.

"Unakwenda wapi?" dada akasema.

"Si wameshaamua?"

"Wameamua. Maksai bado hawajala." Alinipokonya fimbo yangu, akaipima kwa jicho, akanipa ya kwake, nene zaidi. "Rudi konani. Hao wana pembe, lakini hawachezi. Na safari hii uniangalie baadaye."

Nikarudi. Maksai wakaletwa, wawiliwawili kama walivyozoea jembe, wakavuka mstari bila kusukumwa, wakainamisha vichwa. Dada alikuwa kichwani mwa njia, mikono kiunoni, akikohoa kidogo na kuwahesabu wanaoingia. Nilinyoosha mikono.